Dini Isiyopiga Hodi

Mtu anayetoka Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miguu kuelekea Uhuru Highway hupita kando ya uzio ambao wengi hawaugeukii. Nyuma yake kuna miti, bustani iliyotunzwa na jengo la sala. Majirani wa jengo hilo hawahitaji kutambulishwa. Wakatoliki wana kanisa lao hapo hapo University Way, Walutheri na Wapresbiteri hawako mbali, na wote hao hutundika mabango ya saa za ibada ili asiyejua ajue. Uzio huu hauna bango la kukaribisha. Una walinzi.

Hilo ndilo sinagogi la Nairobi, nyumba ya jumuiya iliyoundwa mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa bado mabanda ya reli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amempa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo la kuwatafutia Wayahudi wa Ulaya makao katika nyanda za Uasin Gishu. Mpango huo ukaja kuitwa “wa Uganda” ingawa ardhi yenyewe leo iko Kenya. Wajumbe watatu walitumwa kwenda kutazama, wakarudi, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni ukakataa. Mwaka 1908 wakaingia Makaburu na magari yao ya ng'ombe. Waliobaki Nairobi ni Wayahudi wachache wa biashara na mahoteli, pamoja na uzio wao.

Uzio huo ni jambo geni kwa mtu wa pande hizi. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea dini zinazomtafuta. Jumamosi asubuhi watu wawili wenye mikoba na magazeti hubisha hodi na kuuliza kama ana dakika chache. Mhubiri hupanda daladala kituo kimoja na kushuka cha tatu, kiti cha nyuma chote kimekwisha kuombewa. Mwezi huu viwanja vya Jangwani kuna mkutano wa injili, mwezi ujao kuna mhadhara wa Kiislamu na vipaza sauti vyake, na pengine wahubiri wa pande mbili huwekeana Biblia na Qurani juu ya meza moja mbele ya umati. Kila mmoja anaitaka roho yake. Ukilitazama jambo hili kwa jicho moja ni heshima. Kwa jicho la pili ni usumbufu.

Halafu mtu huyo huyo akutane na dini inayomwuliza: kwani huko uliko umekosa nini?

Watu wa nje wanaovutwa na Uyahudi hutaja mambo mengi, kama vile nyimbo, vitabu, chakula, au ukale wake. Lakini ukiwasikiliza kwa makini, wengi huzunguka wakarudi kwenye jambo hili moja. Hawakuitwa. Desturi ya marabi ni kumrudisha anayetaka kuingia, tena mara tatu, kwa kumfuata Naomi, ambaye katika kitabu cha Ruthu anamwambia mkwewe arudi kwao Moabu, naye Ruthu anang'ang'ania. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, inaeleza hata maneno ya kumwambia mwombaji: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba watu hawa wanadharauliwa na kuteswa? Akisema anajua, na kwamba hata hastahili kushiriki mateso hayo, anapokewa papo hapo. Anafundishwa amri chache nyepesi na chache nzito, na miongoni mwa za mwanzo ni ile ya kuwaachia maskini masalio ya mavuno shambani. Kisha inasisitizwa kwamba asitishwe kupita kiasi.

Kwa kawaida safari yenyewe huchukua mwaka au zaidi. Kuna masomo, kuna kukaa na jumuiya mzunguko mzima wa sikukuu, kuna mahakama ya watu watatu. Mwanamume hutahiriwa, na kama alikwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu. Mwisho, mwanamume kwa mwanamke, ni kuzama mwili mzima ndani ya maji.

Kwa nini mlolongo wote huo? Sababu ya kwanza ni ya kiimani, na ndiyo inayompendeza mtu wa nje. Marabi walifundisha kwamba binadamu wote wamefungwa na amri saba walizopewa wana wa Nuhu: wasiabudu sanamu, wasimkufuru Mungu, wasiue, wasizini, wasiibe, wasile nyama ya mnyama aliye hai, na waweke mahakama za haki. Anayezishika ana fungu lake katika ulimwengu ujao, na hana haja ya kuwa Myahudi. Msukuma au Mgiriama anayeishi kwa haki anaweza kufika kama alivyo. Mtu aliyekua akitishwa jehanamu na pande mbili zinazopingana hulisikia fundisho hili kama aliyefunguliwa dirisha.

Sababu ya pili haina mapambo. Tangu karne ya nne wafalme wa Kirumi waliokuwa Wakristo walipiga marufuku mtu kuingia Uyahudi, na baadaye katika dola za Kiislamu aliyeuacha Uislamu kwa ajili yake aliuweka uhai wake rehani. Jumuiya iliyompokea mgeni ingeweza kuchomewa nyumba. Kwa hiyo ukimya ule ni busara na ni kovu pia, na anayeusifu akasahau kovu anasifu nusu ya jambo.

*

Kuna kisa cha mgeni mmoja ambacho karibu kila mwalimu wa Kiyahudi hukisimulia. Alikwenda kwa Shammai, mmoja wa walimu wakuu wa Yerusalemu zama za mfalme Herode, akamwambia yuko tayari kuingia dini yake mradi afundishwe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Shammai alikuwa na kipimo cha mjenzi mkononi, akamfukuza nacho. Mgeni akaenda kwa Hillel na sharti lile lile. Hillel alimpokea, akamwambia asimtendee mwenzake lile ambalo yeye mwenyewe analichukia. Yote mengine ni maelezo ya hilo, basi aende akasome.

Wasimuliaji hupenda kuishia kwenye upole. Uzito, hata hivyo, uko kwenye lile agizo la mwisho. Mguu umekwisha kushuka chini na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Na kazi hiyo ni ya aina gani! Fungua ukurasa wa Talmudi kama ulivyopangwa na mchapaji Daniel Bomberg huko Venice kati ya 1520 na 1523, mpangilio ambao haujabadilika sana hadi leo. Katikati kuna maandishi ya msingi, nguzo nyembamba ya herufi. Upande wa ndani, karibu na mshono wa kitabu, anasimama Rashi, mwalimu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, akieleza neno kwa neno. Upande wa nje wako wajukuu zake na wanafunzi wao, nao wanamhoji babu. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, wamejibana wengine wa karne za baadaye. Watu waliotenganishwa na mamia ya miaka wameketi kwenye baraza moja na kukatizana maneno. Kurasa kama hizo ni 2,711, na tangu 1923 upo mpango wa kusoma mmoja kila siku, ambao huchukua kama miaka saba na nusu kabla ya kurudi mwanzo.

Ukumbi wanamosomea hauna ukimya wa maktaba. Wanafunzi hukaa wawili wawili, uso kwa uso. Kidole cha mmoja kimebana mstari, mwingine ameinuka nusu kutoka kitini, sauti imepanda, na anayepita nje anaweza kudhani ni ugomvi wa deni. Msomaji wa Kiswahili ana neno la jambo hili, na neno hilo ni malumbano. Wapwani waliojua beti za Muyaka bin Haji wa Mombasa, wakayatupia majibu mashairi ya upande wa pili, walijua raha ya kushindana bila kuvunja kikombe. Tofauti ni kwamba hapa malumbano yenyewe ndiyo ibada.

Shule ya Hillel na shule ya Shammai, inasimuliwa, zilibishana miaka mitatu juu ya sheria. Mwishowe sauti kutoka mbinguni ikatamka kwamba maneno ya pande zote mbili ni ya Mungu, ila hukumu ifuate kwa Hillel. Talmudi inauliza: kama wote wana haki, kwa nini Hillel? Jibu ni kwamba watu wake walikuwa wapole, tena walikuwa wakifundisha hoja ya wapinzani wao kabla ya kufundisha ya kwao. Hebu mtu afikirie mhadhara wa Jangwani wa namna hiyo.

Kisa kingine kinakwenda mbali zaidi. Marabi walikuwa wakibishania tanuri la kuokea mikate, kama limetiwa unajisi au la. Rabi Eliezeri peke yake alisema ni safi, wenzake wote wakakataa. Akauita mkarobu uwe shahidi, ukang'oka na kusogea dhiraa mia. Wakamjibu kwamba mti hauthibitishi sheria. Akauita mfereji, maji yakarudi nyuma. Akaziita kuta, zikaanza kuinama. Hatimaye sauti ya mbinguni ikasema Eliezeri ana haki. Hapo Rabi Yoshua akasimama na kusema, kwa kutumia maneno ya Torati yenyewe, kwamba Torati haiko mbinguni tena. Imekwisha kuteremshwa kwa watu, nao huamua kwa wingi wa kauli. Na Mungu? Inasemwa alicheka, akakiri kwamba wanawe wamemshinda.

Watu wa nje huishia hapo wakipiga makofi. Lakini kisa kinaendelea, tena kinakuwa kichungu. Walioshinda walimtenga Eliezeri, yeye akalia, na theluthi ya zeituni, ya ngano na ya shayiri ikaharibika siku ile. Kisa chote kimewekwa ndani ya mjadala kuhusu dhambi ya kumuumiza mtu kwa maneno. Kurasa chache nyuma, katika mjadala huo huo, imekatazwa kumkumbusha aliyeingia Uyahudi yale waliyokuwa wakiyafanya baba zake. Yaani ruhusa ya kubisha imefungiwa chumba kimoja na katazo la kudhalilisha. Jambo hilo halionekani ukisomewa dondoo.

Ubishi wenyewe una ukoo. Ibrahimu, baba wa dini zote tatu, aliposikia Sodoma itateketezwa alisimama akapatana bei: je, wakiwamo wenye haki hamsini? Arobaini na watano? Akashuka hadi kumi, kwa unyenyekevu mwingi na bila haya, kama mama wa Kariakoo anayejua kitenge kile hakifiki bei iliyotajwa.

*

Mtu wa nje akidhani amepata dini ya maneno matupu, Ijumaa jioni itamsahihisha. Kazi zilizokatazwa siku ya Sabato ni aina 39, zimeorodheshwa: kulima, kupanda, kuvuna, kukanda, kuoka, kufuma, kufunga fundo, kuandika herufi mbili, kuwasha moto, kuuzima. Marabi walizitoa kwenye kazi za kujenga hema la ibada jangwani. Kwa mtu wa leo maana yake ni kwamba simu imelala, gari limelala, jiko limekwisha kupikia. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, aliyechelewa amechelewa. Mama hufunika macho kwa viganja, hutaja baraka, kisha hufumbua. Juu ya meza kuna mikate miwili iliyofunikwa kitambaa. Ukiuliza kwa nini imefunikwa, mojawapo ya majibu ni kwamba divai ndiyo inayobarikiwa kwanza, na mkate usione aibu. Mkate! Dini inayostiri aibu ya mkate inamwandaa mlaji kufikiria ya jirani.

Hapa Mswahili ana faida ambayo Mzungu hana. Myahudi huanza siku jua linapozama, na Lamu au Unguja mtu anayesema “usiku wa Ijumaa” kwa kale ana maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa, ule ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi. Kiebrania hakizipi siku majina. Huzihesabu, siku ya kwanza hadi ya sita, zikipanga foleni kuelekea Sabato. Kiswahili nacho huhesabu, mosi, pili, tatu, nne, tano, kuelekea Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi, siku yao ya mwisho, huku ina jina la siku ya kwanza. Hata saa zinalingana. Sheria ya Kiyahudi hugawa mchana mafungu kumi na mawili tangu alfajiri au macheo, na ungamo la asubuhi la imani ya Mungu mmoja sharti lisomwe kabla saa ya tatu haijaisha. London mtu atahitaji jedwali la kukokotoa saa hiyo. Mtu wa Tanga atakwambia ni saa tatu asubuhi, kuna nini cha kukokotoa?

Sabato inapotoka Jumamosi usiku, kikasha kidogo cha viungo hupitishwa mkono kwa mkono na kila mtu hunusa, ili roho ijiliwaze kwa kuondokewa. Karafuu ni miongoni mwa vinavyotumika sana. Kisha mshumaa wa tambi nyingi zilizosukwa pamoja huzimwa ndani ya divai iliyomwagika kwenye sahani, tss, na wiki ya kazi imeanza.

Udogo huu wa mambo umewanasa wengi kuliko falsafa. Mafundisho humtaka mtu afikishe baraka mia kwa siku. Iko baraka ya tunda jipya la msimu, iko ya radi, iko ya kumwona mtu mwenye elimu kubwa. Iko hata ya kutoka msalani, inayomshukuru Muumba kwa matundu na mirija ya mwili ambayo, likiziba moja tu, mtu hasimami. Mwislamu wa pwani hatashangaa, maana naye ana dua yake ya mahali hapo. Aliyelelewa kudhani dini inaanzia shingoni kwenda juu ndiye atakayeshtuka.

Na kuna msiba. Maiti huzikwa upesi, kwa sanda sahili, tajiri na maskini sawa. Wafiwa hukaa matanga siku saba juu ya viti vifupi, nguo zao zimechanwa kifuani, vioo vya nyumba vimefunikwa. Anayekuja kuhani haanzi kusema. Huketi, hunyamaza, humngoja mfiwa afungue kinywa, na mfiwa asiposema basi jioni itapita hivyo. Sala anayoisoma mtoto wa marehemu kwa miezi kumi na mmoja haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa za Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiaramu, na haisomwi peke yako. Lazima wawepo watu wazima kumi. Aliyefiwa analazimishwa na sheria kutoka nyumbani akatafute watu.

*

Mfano wa mvuto huu uliokwenda mbali kuliko yote uko karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, na haukuanzishwa na Myahudi yeyote.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, mtu wa bunduki. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme wawili, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, ambao Waingereza waliwapeleka uhamishoni Shelisheli. Akawatekea na nchi za mashariki, akitumaini kwamba watamtawaza. Hawakumtawaza. Walimpa vyeo, wakavipunguza, wakamhamishia Busoga, na mzee akarudi Mbale na kinyongo chake. Akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, akaketi kuisoma Biblia ya Kiganda.

Aliisoma kama askari asomavyo amri: kilichoandikwa kitendwe. Alipofika kwenye kutahiriwa akasema na kitendwe. Wamalaki wakashtuka kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye, kama wanavyosimulia wazee wa huko, akajibu kwamba ikiwa ni hivyo basi yeye ni Myahudi. Mwaka huo, 1919, alitahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Katika miaka hiyo ya mwanzo Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosefu tu, alikaa nao yapata miezi sita akawafundisha kalenda, sikukuu na vyakula, kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wakabaki mlimani na vitabu vyao, mbali kabisa na Wayahudi wengine.

Inawezekana kusema ilikuwa hasira ya siasa iliyovaa joho la dini, na si uongo. Waingereza walimnyima taji, akachagua Mungu asiyekuja na Waingereza. Lakini hasira ya mtu mmoja haielezi kwa nini wajukuu wa watu wengine waliendelea kuishika Sabato pale ilipokuwa hatari kufanya hivyo. Idi Amin alipiga dini yao marufuku. Masinagogi yalifungwa na wengi wakaingia Uislamu au Ukristo. Inakadiriwa kwamba kati ya watu kama 3,000 walibaki kama 300, wakisali kwa siri.

Jioni ya Aprili 11, 1979 ilikuwa jioni ya kuanza Pasaka ya Kiyahudi, usiku wa kusimulia jinsi watumwa walivyotoka Misri. Siku hiyo hiyo Kampala ilikuwa mikononi mwa askari wa jeshi la Tanzania, JWTZ, na wapiganaji wa Uganda waliofuatana nao. Mtanzania asomaye haya ana haki ya kutabasamu: katika Kutoka kwa Abayudaya wa mlima Nabugoye, Bahari ya Shamu ilipasuliwa na vifaru vilivyopitia Mutukula.

Waliobaki wakajenga upya. Zaburi zikaimbwa kwa Kiganda na kwa gitaa, na mwaka 2003 santuri ya nyimbo zao ilitolewa na Smithsonian Folkways. Mwaka 2004 mkulima na kiongozi wao, J.J. Keki, aliwazungukia majirani Wakristo na Waislamu, wakaunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kijana wao Gershom Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Lakini mwaka 2002 kulikuwa na jambo gumu. Marabi wa tawi la Konsavativu kutoka Marekani na Israeli walifika kuwaingiza rasmi mamia yao katika Uyahudi: mahakama ya watu watatu, tone la damu, maji. Kulikuwa na wazee pale waliozaliwa ndani ya Sabato, walioficha vitabu vyao enzi za Amin, na sasa wanaulizwa kwa upole umeona nini hata ukaja. Walio wengi walikubali, na hata hivyo serikali ya Israeli haikukimbilia kuwatambua. Miaka mingi baadaye maombi yao ya kuhamia huko yalikuwa bado yanakwama. Kasoro ya dini isiyopiga hodi ni hii: haina haraka ya kufungua mlango, hata kwa aliyelala kizingitini tangu babu yake. Na lile katazo la kumkumbusha mgeni ugeni wake, ofisini husahauliwa upesi.

Siku hizi Afrika Mashariki kuna mvuto mwingine ambao haufai kuchanganywa na huu. Mitume na manabii wa makanisa mapya hupuliza baragumu ya pembe ya kondoo, hujitanda shuka la sala la Kiyahudi na kupeperusha bendera ya Israeli jukwaani, kwa ahadi ya gari na viza. Wanataka pembe bila kurasa 2,711. Wako pia wanaoichukia dini nzima kwa ajili ya vita na serikali ya nchi moja, kana kwamba mzee wa Nabugoye anayewasha mishumaa alishauriwa. Wote hao hawajafika hata kwenye uzio.

Mwaka 1138, au karibu na hapo, alizaliwa Córdoba mtoto aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa Wayahudi, Musa bin Maimuni, ambaye aliishia kuwa tabibu Misri. Obadia, mtu wa nje aliyeuvuka uzio akaingia Uyahudi, alimwandikia. Aliuliza kama ana haki ya kusema katika sala “Mungu wa baba zetu”, ilhali baba zake hawakuwa Wayahudi. Aliuliza pia kuhusu Waislamu, kwa kuwa alisema mbele ya mwalimu wake kwamba wao hawaabudu sanamu, mwalimu akamwita mpumbavu. Maimuni alijibu la kwanza kwamba aseme bila kubadili neno, kwa sababu Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake. La pili alijibu kwa ukali. Waislamu kweli hawaabudu sanamu, na mwalimu yule, hata kama ni mkubwa, amefanya dhambi nzito, amwendee mwanafunzi wake amwombe radhi.

Wayahudi wenyewe wana mzaha kuhusu mtu aliyepotelea kisiwani peke yake. Wanamaji walipomkuta baada ya miaka mingi waliona amejenga masinagogi mawili. Wakamwuliza ya nini mawili na yuko peke yake. Akaonyesha moja, akasema hapo ndipo anaposali. Na lile lingine? Hilo, akasema, hata wamfunge kamba hakanyagi.

Baadhi ya watu wa kijiji cha Putti, si mbali na Nabugoye, hawakuridhika na marabi wa mwaka 2002. Walitaka wa Kiothodoksi, wenye sheria kali zaidi, wanaume na wanawake wakisali kwa kutengwa. Wakashika njia yao. Kwa hiyo Sabato ikiingia leo chini ya Mlima Elgon, kuna watu wa asili moja, wajukuu wa wafuasi wa jemadari mmoja, wanaowasha mishumaa katika masinagogi mawili, na kila upande una hoja zake kuhusu kwa nini hauendi kule kwingine.